Protini Yenye Jina la Kilifi: Safari ya Utafiti Kati ya Birmingham na Pwani ya Kenya

Leo tutazungumzia kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, ingawa kila mmoja wetu anacho mwilini mwake. Ni protini inayoziwezesha seli za mwili kushikamana. Wataalamu waliipa jina la kifupi la ICAM-1, nayo hutengenezwa maabara kwa ufundi wa uhandisi wa jeni, ikakaushwa na kutiwa katika vichupa vidogo vinavyohifadhiwa kwenye majokofu ya watafiti. Juu ya kichupa huandikwa kwamba kilichomo ni kwa ajili ya utafiti tu, wala si dawa ya binadamu.

Huenda msikilizaji akajiuliza: kichupa cha namna hiyo kinatuhusu nini sisi tunaozungumza Kiswahili? Jibu ni kwamba aina moja ya protini hiyo inajulikana katika vitabu vya sayansi duniani kote kwa jina la mji wa mwambao wetu. Inaitwa ICAM-1 Kilifi. Ili kufahamu namna jina hilo lilivyofika huko, na faida iliyopatikana, hatuna budi kuanzia mbali kidogo, katika jiji la Birmingham nchini Uingereza.

Kaskazini tu ya katikati ya jiji la Birmingham kuna mtaa uitwao Newtown, yaani Mji Mpya. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nyumba zake za zamani zilizobanana zilibomolewa, na mahali pake pakajengwa maghorofa marefu. Leo ni mtaa wa watu wa asili nyingi, wakiwemo wenye mizizi yao Afrika na visiwa vya Karibi. Barabara iitwayo Summer Lane ndiyo inayouunganisha mtaa huo na katikati ya jiji, na ni katika barabara hiyo ambapo mwaka 1779 ilifunguliwa Hospitali Kuu ya kwanza ya Birmingham.

Miongoni mwa madaktari wa mwanzo wa hospitali hiyo alikuwa William Withering. Mnamo mwaka 1775 aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya ajuza mmoja wa jimbo la Shropshire, ambaye alikuwa akiwaponya watu waliovimba miili kwa kujaa maji. Dawa hiyo ilichanganywa mitishamba ishirini au zaidi. Withering, aliyekuwa pia bingwa wa elimu ya mimea, alitambua kwamba nguvu ya mchanganyiko ule ilitoka katika mmea mmoja tu, nao ni digitalis, wenye maua ya zambarau yanayofanana na vidole vya glavu. Akautenga, akautumia peke yake kwa wagonjwa wake miaka kumi, akaandika waliopona na waliodhurika, na mwaka 1785 akachapisha kitabu kuhusu mmea huo. Dawa inayotokana na mmea huo ingali ikitumiwa kutibu maradhi ya moyo.

Tumeitaja habari hiyo ya kale kwa sababu ndani yake mna njia ileile iliyokuja kutumiwa na watafiti wa malaria karne mbili baadaye. Withering alifanya mambo mawili. Kwanza, alikitoa kitu kimoja katika mchanganyiko wa vitu vingi, akakiuliza swali moja. Pili, jibu alilolipata alilirudisha kitandani kwa mgonjwa ili lipimwe huko. Makala hii inahusu hatua hizo mbili, na hasa ile ya pili, ambayo aghalabu ndiyo ngumu zaidi.

Naam wasikilizaji wapenzi, sasa natugeukie ugonjwa wenyewe. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, aliona kwa hadubini vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, alithibitisha kwamba vimelea hivyo hukua ndani ya mbu. Kati ya tarehe hizo mbili na baada yake, wataalamu wa Kiitalia Ettore Marchiafava na Amico Bignami walikuwa wakichunguza mjini Rome maiti za watu waliouawa na malaria kali. Katika ubongo wa maiti hizo waliikuta mishipa midogo kabisa imejaa chembechembe nyekundu za damu zenye vimelea, zimesongamana na kuziba njia.

Jambo hilo lilikuwa fumbo. Damu iliyotolewa kwenye kidole cha mgonjwa huonyesha vimelea vichanga tu, vyenye umbo la pete. Vimelea vilivyokomaa havionekani. Kimelea cha aina ya Plasmodium falciparum huchukua muda wa takriban saa 48 kukua na kuzaana ndani ya chembe nyekundu, na katika nusu ya pili ya muda huo chembe hiyo hutoweka katika damu inayozunguka. Hutoweka kwa sababu imekwisha kunata kwenye ukuta wa mshipa. Faida ya kimelea ni dhahiri: chembe iliyonata haipiti kwenye wengu, kiungo ambacho kazi yake mojawapo ni kuchuja na kuharibu chembe za damu zilizoharibika. Hasara yake humwangukia mgonjwa. Mishipa ya ubongo ikizibwa, mtoto hupata degedege, hupoteza fahamu, na wengine hufariki dunia kabla ya siku moja kupita tangu walipofikishwa hospitalini.

Watu wa pwani yetu waliijua hali hiyo zamani kabla ya hadubini. Neno degedege lilibeba hofu ya kina mama vizazi kwa vizazi, na wako wazee walioihusisha na ndege au pepo anayempitia mtoto usiku. Walichokiona kilikuwa kweli tupu: mtoto aliyecheza asubuhi aliweza kupoteza fahamu jioni. Kilichokosekana ni kujua mkono unaoshika ni wa nani, na umeshika wapi.

Kwa muda mrefu swali hilo halikuweza kuchunguzwa, kwani kimelea hakikuwa kikikubali kuishi nje ya mwili. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walifanikiwa kukifuga mfululizo ndani ya chupa zenye damu ya binadamu. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1981, mtaalamu wa Kinigeria Iroka Udeinya na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba chembe zenye vimelea hunata kwenye seli zinazofunika ndani ya mishipa ya binadamu, seli hizo zikiwa zimeoteshwa maabara. Sasa mnato ulikuwa ukionekana mbele ya macho. Hata hivyo, juu ya seli moja ya mshipa kuna protini za aina nyingi mno. Ni ipi kati ya hizo iliyokuwa ikishikwa?

Hapa ndipo ICAM-1 inapoingia katika historia. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1986 na Timothy Springer na wenzake mjini Boston, ambao hawakuwa wakishughulika na malaria hata kidogo. Walikuwa wakitafuta namna chembechembe nyeupe za damu zinavyoshikana na seli nyingine zinapopambana na maradhi. ICAM-1 ni mfano wa fimbo yenye pingili tano, iliyosimama juu ya seli. Mwili unapopatwa na uvimbe au homa, fimbo hizo huongezeka kwenye kuta za mishipa, na chembechembe nyeupe huzishika ili zisichukuliwe na mkondo wa damu na zipate kutoka kwenda mahali palipoharibika. Kwa hiyo kazi yake ya asili ni ulinzi. Lakini mlango aufunguao mwenye nyumba huweza pia kumpitisha mwizi. Mwaka 1989 ilibainika kwamba virusi vingi vinavyosababisha mafua ya kawaida huingia katika seli kwa kushika ICAM-1. Na katika mwaka huohuo, Anthony Berendt, Chris Newbold, Kevin Marsh na wenzao wa Oxford walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria nazo huishika protini hiyohiyo.

Walijuaje? Jeni inayobeba maelezo ya kuitengeneza ICAM-1 ilikuwa imesomwa mwaka 1988. Nao ufundi wa kuhamisha jeni ulikuwa umekwisha kukomaa. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California waliunganisha vipande vya DNA kutoka asili tofauti na kuvitia ndani ya bakteria, na mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria iliidhinishwa kuwa dawa ya kisukari. Watafiti wa Oxford waliitia jeni ya ICAM-1 katika seli za tumbili, seli ambazo kwa kawaida chembe zenye vimelea hazizishiki. Seli hizo zikaanza kuotesha protini ya binadamu juu yake, na mara chembe zenye vimelea zikanata.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuipata protini yenyewe ikiwa peke yake, bila seli. Tuieleze kazi hiyo kwa ufupi, kwani ndiyo inayojaza vichupa tulivyovitaja mwanzoni. Jeni hukatwa ile sehemu inayoipigilia protini kwenye utando wa seli, ili protini ikishatengenezwa isibaki imesimama pale bali itoke nje. Kwenye ncha yake huongezwa mkia, yaani kipande kidogo kinachotambulika kwa urahisi. Jeni iliyotayarishwa hivyo hutiwa ndani ya seli za mamalia zinazofugwa katika vyombo vya maji yenye lishe, na seli huitoa protini kidogokidogo katika maji hayo. Kisha maji hupitishwa katika mrija uliojaa punje zinazoukamata ule mkia peke yake. Vyote vingine hutiririka na kumwagwa, protini inayotakiwa hubaki, na baadaye hufunguliwa, hupimwa usafi wake, hukaushwa na kuhifadhiwa katika baridi kali. Kutumia seli za mamalia kuna sababu yake. ICAM-1 hufunikwa na minyororo ya sukari ambayo bakteria wa kawaida hawawezi kuipamba vilivyo.

Sasa turudi Birmingham. Kilomita chache kusini-magharibi mwa Newtown, katika eneo la Edgbaston, kipo Chuo Kikuu cha Birmingham, kilichoanzishwa mwaka 1900. Huko alikuwako Gerard Nash, mtaalamu wa mwenendo wa damu, yaani elimu ya namna damu inavyotiririka na nguvu zinazozisukuma chembe zake. Nash na mwenzake Brian Cooke walikuwa na hoja nyepesi lakini nzito. Majaribio mengi ya mnato yalikuwa yakifanywa katika sahani zilizotulia, ambapo chembe huketi juu ya protini kama vumbi linavyotua juu ya meza. Lakini damu ya mtu aliye hai haitulii. Chembe inayotaka kunata lazima ishike ilhali mkondo unaivuta, kama mtu anayejaribu kushika mzizi wa mkoko ilhali maji ya bamvua yanamburura.

Kwa hiyo walitumia mirija ya kioo iliyo bapa na myembamba sana, wakaipaka protini iliyosafishwa kwenye ukuta wa ndani, kisha wakapitisha damu yenye vimelea kwa kasi inayokaribiana na ile ya mishipa midogo ya mwilini, huku wakitazama kwa hadubini. Kazi hiyo, iliyofanywa pamoja na watafiti wa Oxford, ilichapishwa mwaka 1992 na mwaka 1994. Walichokiona hakikuwa kimetabiriwa na sahani zilizotulia. Juu ya ICAM-1, chembe nyingi zenye vimelea hazikusimama kabisa. Zilibiringika polepole juu ya ukuta, zikishika na kuachia, zikishika na kuachia. Juu ya protini nyingine iitwayo CD36, chembe zilisimama zikatulia. Ikadhihirika kwamba kila protini ina kazi yake: moja huweza kupunguza mwendo wa chembe, nyingine ikaifunga.

Wasikilizaji wapenzi, fikirini kama jaribio hilo lingeweza kufanywa bila protini iliyotengwa. Ndani ya ubongo wa mtoto aliyepoteza fahamu, ICAM-1 imesimama pamoja na protini nyingine nyingi, na hakuna daktari awezaye kuiondoa moja ili atazame kitakachotokea. Katika mrija wa kioo wa Edgbaston iliwezekana kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo thamani ya kichupa, na kwa hapo tumeitimiza ile hatua ya kwanza ya Withering.

Hatua ya pili ilibidi ifanyike Kilifi. Mji huo uko kwenye hori, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Mombasa, na wakazi wengi wa wilaya zake ni Wamijikenda, hususan Wagiriama. Mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na mfuko wa Wellcome wa Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford, ilianzisha kituo cha utafiti ndani ya hospitali ya wilaya. Kevin Marsh, yuleyule aliyeshiriki katika ugunduzi wa mwaka 1989, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, pamoja na daktari wa Kikenya Norbert Peshu. Watoto waliokuwa wakiletwa na mama zao usiku, wakitetemeka kwa degedege, walitibiwa katika wodi hiyo, na kwa ridhaa ya wazazi damu yao kidogo ilichunguzwa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba vimelea kutoka kwa watoto wenye malaria ya ubongo vilielekea kuishika ICAM-1 kwa nguvu zaidi. Na katika mwaka huohuo likatokea jambo jingine. Daniel Fernandez-Reyes na wenzake, wakisoma jeni ya ICAM-1 ya watoto wa Kilifi, walikuta kwamba wengi wao walikuwa na herufi moja tofauti, nayo iliibadilisha asidi amino ya 29 katika pingili ya kwanza, sehemu ambayo kimelea hushika. Aina hiyo ilikuwa imeenea sana miongoni mwa Waafrika. Ndipo ikapewa jina la ICAM-1 Kilifi.

Watafiti walikuwa na sababu ya kutarajia habari njema. Katika miaka ya 1950, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha katika Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, na hiyo ndiyo sababu jeni hiyo imedumu miongoni mwetu licha ya madhara yake. Basi ilidhaniwa kwamba ICAM-1 Kilifi nayo imeenea kwa kuwa inamponyoka kimelea. Lakini hesabu za Kilifi zilisema kinyume. Watoto waliorithi aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi, karibu mara mbili, ya kupatwa na malaria ya ubongo.

Mkanganyiko ukaongezeka pale protini yenyewe ilipotengenezwa. Alister Craig na wenzake walitengeneza ICAM-1 Kilifi kwa uhandisi wa jeni, wakailinganisha na ile ya kawaida, na mwaka 2000 wakatoa matokeo yao. Protini ya Kilifi ilishikana kwa udhaifu zaidi na chembechembe nyeupe za damu. Kuhusu malaria, majaribio ya mkondo yaliyofanywa pamoja na Nash wa Birmingham yalionyesha kwamba kabila moja la vimelea lilipoteza nguvu ya kushika kuliko jingine. Inawezekanaje protini inayoshikwa kwa udhaifu zaidi iongeze hatari ya ugonjwa unaoletwa na kushikwa?

Jawabu lilikuja polepole, na halikumpendeza mtu yeyote aliyetaka hadithi fupi. Nchini Gambia, utafiti uliotolewa mwaka 1998 haukuona uhusiano wowote kati ya aina hiyo ya jeni na malaria kali. Nchini Gabon, mwaka 1999, ilionekana kana kwamba aina hiyo inakinga. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi mpana zaidi uliohusisha watu wa nchi kadhaa za Kiafrika, nao haukukuta kwamba tofauti za jeni ya ICAM-1 zinaongeza au kupunguza malaria kali. Kabla ya hapo, mwaka 2005, watafiti wa Kilifi walikuwa wamegundua kwamba watoto wenye ICAM-1 Kilifi kutoka kwa wazazi wote wawili walipata homa chache zaidi zisizotokana na malaria. Huenda basi jeni hiyo imeenea kwa sababu ya maradhi mengine kabisa.

Je, kazi yote hiyo ilikuwa bure? Hapana, na ni vyema tueleze kwa nini. Kama watafiti wangaliishia kwenye jibu la mwaka 1997, leo tungekuwa tukiambiwa kwamba watoto wa Kilifi wana kasoro katika damu ya ukoo wao, na pengine familia zingelaumiana kwa urithi. Idadi ya watoto waliopimwa mwanzoni ilikuwa ndogo kwa swali kubwa namna ile, na bahati peke yake huweza kuvuruga hesabu za namna hiyo. Kwa kulirudia swali mahali pengine na kwa watu wengi zaidi, lawama iliondolewa juu ya mtoto na wazazi wake. Jina la Kilifi limebaki katika vitabu, lakini tuhuma imefutika.

Aidha, macho ya watafiti yalielekezwa upande wa pili wa mnato, yaani kwa kimelea chenyewe. Mwaka 1995 makundi matatu ya wataalamu yalikuwa yamezitambua jeni zinazotengeneza mkono wa kimelea, protini iitwayo PfEMP1 inayochomoza juu ya chembe nyekundu. Kila kimelea kina jeni kama 60 za aina hiyo, naye huvaa moja baada ya nyingine, mithili ya mwizi anayebadili kanzu kila anapopita mbele ya mlinzi. Ndiyo maana mtoto huhitaji kuugua mara nyingi kabla ya mwili wake kuzijua kanzu zilizo hatari.

Hapo nchi jirani ya Tanzania ikachukua nafasi yake. Vimelea kutoka kwa watoto wagonjwa wa Tanzania viliwasaidia watafiti wa Copenhagen, wakishirikiana na wataalamu wa Kitanzania na wengineo, kutambua ni kanzu zipi zinazohusiana na malaria kali. Mwaka 2013, kwa kuijaribu protini ya kimelea dhidi ya maelfu ya protini za binadamu zilizotengenezwa maabara, walikuta kwamba inaishika protini nyingine ya mshipa, iitwayo EPCR, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba baadhi ya vimelea vinaweza kuishika EPCR na ICAM-1 kwa pamoja, mkono mmoja ukishika mahali pawili, na kwamba vimelea vya namna hiyo vinahusiana na malaria ya ubongo. Kumbe ICAM-1 haikuwa imesingiziwa. Ilikuwa na mshirika ambaye bado hakuwa amejulikana.

Mwaka 2024 zilitangazwa kingamwili za binadamu zenye uwezo wa kuzuia vimelea vya aina nyingi visiishike EPCR, nazo zilijaribiwa katika mishipa midogo iliyooteshwa maabara huku damu ikipita ndani yake. Msikilizaji atatambua hapo wazo lilelile la mirija ya Birmingham, la kuupima mnato ndani ya mkondo. Kingamwili hizo bado si dawa ya hospitalini. Chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, hufanya kazi mahali pengine, kwani humlenga kimelea anapoingia mwilini, kabla hajafika katika chembe nyekundu. R21 ilijaribiwa pia Kilifi na Bagamoyo. Chanjo ya kuzuia mnato wa ubongo ingali inatafutwa.

Huenda ukauliza umuhimu wa kuutafuta mnato ilhali dawa zipo. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate huokoa watoto wengi zaidi kuliko kwinini. Kati ya watoto waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesunate asilimia 8.5. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini tuitazame tena namba ya pili. Hata kwa dawa bora kabisa na ndani ya hospitali, karibu mtoto mmoja kati ya kila kumi na wawili alifariki. Dawa humuua kimelea, lakini kuna chembe zilizokwisha kuziba mshipa kabla dawa haijafika. Pengo hilo ndilo linalowafanya watafiti waendelee kufungua vile vichupa.

Nao wasikilizaji wetu walioko Newtown na mitaa mingine ya Ulaya wasidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Kwa kawaida Uingereza huandikisha zaidi ya wagonjwa elfu moja wa malaria kwa mwaka, na wengi wao ni watu waliosafiri kwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao. Mtu aliyekulia Kilifi au Tanga kisha akaishi Birmingham miaka mingi, kinga yake hupungua. Mwili wake huanza kuzisahau zile kanzu za kimelea, na watoto wake waliozaliwa Uingereza hawakupata kuzijua kamwe. Kwa hiyo dawa ya kujikinga kabla ya safari ni lazima, hata kwa anayekwenda nyumbani kwao. Na homa yoyote baada ya kurejea humpasa mtu aende hospitalini siku hiyohiyo na kumweleza daktari alikotoka.

Wasikilizaji wapenzi, tangu siku za Withering katika Summer Lane hadi leo, vyombo vimebadilika sana. Kinachotengwa sasa ni kidogo kiasi cha kutoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Lakini swali lililoulizwa katika mrija wa kioo huko Edgbaston lilipata maana yake kwa sababu mama wa Kigiriama alikubali, katika usiku wa hofu, damu kidogo ya mwanawe ichukuliwe kwa ajili ya watoto wa wengine. Jina la mama huyo halimo katika jarida lolote. Limeandikwa jina la mji wake.